Mume wa Kwenye Fomu

"Chukua pete yako, Fundi."

Kocha aliyasema hayo akiwa amelala chali, mguu wa kushoto umefungwa plasta kutoka pajani mpaka vidoleni. Hakulia wala hakupandisha sauti. Ndivyo alivyowasemesha farasi wakorofi na wanafunzi waoga aliowafundisha kupanda, na wote walimtii.

Fundi hakutii. Yeye ndiye aliyewavika viatu vya chuma farasi wote wa zizi lile, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, lakini hakuwa tayari kuachwa kwenye kiti cha wageni wa wodini.

"Kosa langu nini?"

"Huna kosa. Sitaki tu kuolewa kwa kulipwa fadhila."

Kila anayefanya kazi na farasi anaijua kanuni: mshika kamba husimama upande ule ule alipo fundi. Juzi, akimshikia Fundi farasi, Kocha alisimama upande wa pili, na sababu ni moja tu, alikuwa amenuna. Wiki nzima hawakusemeshana. Fundi, kwa akili zake, alimvisha pete ya uchumba, na hata pongezi hazijaisha akachomoa mfukoni fomu ya bima ya ajali binafsi. "Wenzangu wanaletewa maua, mimi naletewa orodha ya viungo vya kuvunjika!" Kocha aliwaka mbele ya wanafunzi. "Unanichuria?" Mle zizini farasi wote walikuwa na bima. Wapandaji, hata mmoja hakuwa nayo.

Basi juzi lori likapiga honi nje ya uzio, farasi akaruka. Kocha angekivuta kichwa cha farasi kwake, makalio yangemsaga Fundi, aliyekuwa ameinama na kwato mapajani. Hakukivuta. Alikisukuma upande wa Fundi, na uzito wote ukamjia yeye ukutani.

"Uliniokoa, Kocha. Nijifanye sikuona?"

"Ndicho ninachokikataa hicho. Miezi sita sipandi, na nisipopanda silipwi. Utanilisha, utaniogesha, na kila ukiniangalia utakumbuka kwamba unadaiwa. Hayo si mapenzi."

"Hayo umeyapanga wewe na plasta yako."

Mama yake Kocha, aliyekuwa anamenya chungwa pembeni, akashindwa kuvumilia. "Mwanangu, mtoto wa watu amekaa hapa tangu asubuhi hajala. Msikilize basi."

"Mama, usimtetee."

"Simtetei. Nakushangaa."

Fundi aliinuka, pete akaiacha juu ya shuka, akatoka. Moyo ulimuuma kwelikweli. Hata korido hajaimaliza, simu ikaita.

"Haloo, naongea na mume wa mwalimu wa farasi?"

"Mchumba. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni karani wa ofisi ya bima. Meneja wa zizi alipiga kuulizia bima ya yule farasi, ndipo akataja kwamba kuna mtu ameumia. Nimemtafuta mwenyewe hapokei. Kwenye fomu yake, mnufaika ni wewe. Uhusiano, ameandika mume."

"Fomu gani, dada? Fomu aliikataa!"

"Kaka, ninayo hapa mezani. Alikuja mwenyewe Jumanne asubuhi, akanigombeza kwamba maswali ni mengi, akasaini na kulipa."

Jumanne. Yaani siku moja tu baada ya ugomvi. Fundi aliegemea ukuta.

"Lakini hakuanguka. Alibanwa akiwa chini, ameshika kamba."

"Bima yake inahusu kumpanda farasi, kumwongoza na hata kumhudumia. Hospitali tutailipa, na posho ya kila wiki ataipata mpaka daktari aseme anaweza kurudi kazini. Leteni ripoti ya daktari kabla hatujafunga leo. Ila kama hamjaoana, hilo neno mume tulirekebishe?"

"Usiliguse!"

Akakata simu, akaandika ujumbe:

"Kumbe mimi mumeo tangu Jumanne na sina habari?"

Jibu likaja: "Nani kakwambia?"

"Karani uliyemgombeza."

"Rudi humu."

Alimkuta Kocha amejifunika shuka mpaka kidevuni. Mwanamke asiyeogopa kwato alikuwa anaona haya.

"Nilikutukana bure," alisema. "Nikakaa, nikawaza, farasi ana bima, mimi je? Nikaenda. Kujishusha nikuambie ndiyo kulinishinda."

"Ukaninunia wiki nzima na umeshaniandika mume?"

"Kwani wake hawanuni?"

Mama akacheka mpaka chungwa likamponyoka.

"Sikukutajia," Kocha akaendelea, "kwa sababu nilidhani hailipi. Sikuwa juu ya farasi."

"Inalipa." Fundi alivuta kiti, akaketi karibu kabisa. "Nisikilize vizuri. Kitanda hiki sikilipii mimi. Chakula utajinunulia mwenyewe, na wa kukuogesha utamwajiri ukitaka. Kwangu huna shida hata moja. Kwa hiyo sasa namuuliza mtu asiyenihitaji: unanitaka, hunitaki?"

Kocha alimtazama. Machozi aliyoyabana siku mbili yakamshinda nguvu.

"Yule farasi aliporuka sikuwaza fadhila, Fundi. Nilikuona wewe tu."

"Sijauliza hilo."

"Nakutaka!" alisema kwa sauti iliyowageuza wagonjwa wa vitanda vya jirani. "Sikuhitaji hata chembe. Nakutaka."

Fundi akaiokota pete.

"Mvishe basi, baba," Mama alisema huku akitafuta viatu vyake chini ya kitanda. "Mimi nakwenda kumshika huyo daktari aandike ripoti. Ofisi za watu zinafungwa."