Kiti cha Komanda Edouard

Jumapili hiyo mvua ilikatika asubuhi, na mtaa wa Kataki, huku Kalemie, ulinuka udongo mbichi na ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliotandazwa upya juani. Achille, fundi wa televisheni na simu, alirudi kutoka misa, akavua shati lake jeupe, akaingia chumba cha nyuma na spana mkononi akipiga mluzi.

Tangu utotoni alitaka kuwa rubani. Masomo yaliishia njiani, lakini hamu haikumtoka. Sasa alikuwa amejijengea ndege yake ndani ya nyumba: mbavu za mbao za masanduku, usukani wa kamyoneti kuukuu, pedali za chuma alizochomelea mwenyewe, swichi za redio zilizokufa. Kompyuta ndiyo iliyoendesha mchezo wa kurusha ndege. Miwani mikubwa ya VR, ile inayoziba macho yote mawili, ilimfanya asahau chumba na kuona anga kila upande. Kilikosekana kiti tu, nacho kilikuwa kimefika juzi.

Kililetwa na Hippolyte, kaka wa mkewe Gisèle, dereva wa lori la kwenda Manono. Kilikuwa kiti cha kweli. Kilitoka katika ndege ndogo ya mizigo iliyoanguka porini upande wa Manono mwaka uliopita, ikamuua rubani wake, Komanda Edouard. Watu wengi wa Kalemie walimfahamu Komanda, mtu wa kicheko kikubwa aliyewasalimia hadi wapagazi kwa majina.

"Wauza vyuma walikitupa kando ya barabara," Hippolyte alisema. "Nikakuwaza weye."

Gisèle hakukipenda. Alikiosha kwa sabuni, akakiosha tena, na kila alipokamua kitambaa maji yalitoka mekundu.

"Ile njo kutu tu," Achille akamwambia.

"Kutu ya wapi? Huku juu hakuna chuma."

Achille alicheka. Alikaza boliti ya mwisho, akaketi, akafunga mkanda, akavaa miwani.

Ndege ikapaa vizuri. Ziwa lilitanda chini yake, bluu hadi milima ya ng'ambo. Aliuona mto Lukuga ukitoka ziwani, akaona paa za mabati, akahisi machozi yakimlenga kwa furaha. Kisha usukani ukajizungusha wenyewe kuelekea magharibi. Akauvuta. Ukamshinda nguvu. Mbele yake vikatokea vilima na nyasi ndefu ambazo hakuwahi kuziweka katika mchezo ule. Injini ikakohoa. Ikazima.

Akataka kuvua miwani. Mikono haikumtii.

Ndege ikaanguka. Meno yake yakagongana, ulimi ukachanika, mdomo ukajaa damu. Kisha kimya. Alikuwa ananing'inia kichwa chini, miguu juu, mkanda ukimkata mabega. Nyasi zikachakarika. Mtu alikuwa anakuja.

"Saidia," Achille akanong'ona. Sauti haikuwa yake.

Yule mtu akainama, akachungulia. Mkononi alikuwa na chuma cha kufungulia magurudumu. Uso wake ulionekana wazi kama mchana.

Alikuwa Hippolyte.

Gisèle alisikia kishindo, akakimbia kutoka jikoni na kisu alichokuwa akimenyea mihogo. Alimkuta mumewe kitini, kichwa kikirushwa kushoto, kikirushwa kulia, nyusi ikipasuka, damu ikimwagika kifuani. Mbele yake hapakuwa na mtu. Akakata kamba ya upande mmoja ya mkanda, akamvuta hadi sakafuni. Miwani ilipotoka, Achille alitapika.

Jua lilikuwa bado juu Hippolyte alipobisha hodi, samaki wawili mkononi. Alikuja kuona ndege ya shemeji yake. Akakuta kichwa cha shemeji kimefungwa kitenge kilicholowa damu.

"Shemeji! Nani alikupiga?"

Achille aliinuka. "Komanda alikuwa angali muzima wakati ulifika pale?"

Samaki wakaanguka.

"Nani alikuambia ile maneno?"

"Nijibu tu."

Hippolyte akacheka, kicheko kikavu. Akamgeukia dada yake, lakini Gisèle alikuwa ameinamisha uso. Basi akaingia chumba cha nyuma kwa hasira, akaipiga teke ile ndege ya mbao. "Mnaogopa hii? Hii njo mbao na misumari! Tazameni, mi nakaa."

"Kaka, usikae mule," Gisèle akasihi. "Nakuomba."

Akakaa.

Kamba iliyokatwa ilikuwa inaning'inia ubavuni. Ikajivuta. Ikamzunguka kifua na kujikaza, na pumzi zikamtoka kama mpira uliotobolewa. Hakuvaa miwani. Kompyuta ilikuwa imezimwa. Hata hivyo macho yake yalikodoa mbele, yakimfuata mtu aliyekuwa akikaribia.

Pigo la kwanza likamvunja taya.

Achille akamrukia, akashika mkanda. Kitu kikamkamata kiganja na kukipinda nyuma mpaka mfupa ukalia. Akaanguka akipiga yowe. Majirani wakajaa dirishani. Hakuna aliyethubutu kuingia.

"Kata!" Hippolyte akalia, damu ikimtoka puani. "Dada, kata!"

Gisèle akapeleka kisu kwenye mkanda, akaanza kukereza. Nyuzi zikaanza kuachia.

"Sikutaka kumuua!" Hippolyte alikuwa akibubujika maneno, wala si kwa dada yake, bali kwa yule asiyeonekana. "Nilitaka simu tu, zile masanduku ya simu! Lakini ulinijua, Komanda! Uliniita jina! Ningefanya nini?"

Achille, akiwa sakafuni, aliuona mkono wa mkewe ukisimama.

Ulisimama kwa muda wa pumzi moja tu. Kisu kilikuwa juu ya mkanda, hakikwenda mbele wala nyuma. Kisha Gisèle akapiga ukelele na kukata kwa nguvu zake zote. Lakini pigo lilikuwa limeshashuka. Fuvu la Hippolyte lilipasuka mbele yao mchana kweupe, na damu ikamrukia dada yake usoni, ikawa ya moto.

Mkanda ukalegea wenyewe.

Daktari alisema mtu yule alipigwa kwa chuma kizito. Hapakuwa na chuma. Achille aliwekwa rumande, mkono ukiwa ndani ya bandeji, hadi majirani walipokwenda mmoja mmoja kuapa walichokiona dirishani. Alipotoka, alikichoma kiti kwenye mchanga wa ufukweni, akatupa majivu majini. Yeye na Gisèle wakahamia Kirungu, kwenye baridi ya milimani, wakalima maharagwe. Kuhusu ile pumzi moja, hawakuzungumza kamwe.

Nyumba ya Kataki ilipangishwa kwa Mama Émérence, mshona nguo, mwanamke asiyeogopa vitu vya upuuzi. Aliweka cherehani yake kwenye chumba cha nyuma. Siku moja saa za mchana akapiga simu Kirungu.

"Papa Achille, nani alikuwa anapanda huku ku plafond?"

"Hakuna mutu, Mama. Sababu ya nini?"

"Kuko alama za mikono. Mikono miwili, mikubwa, ya udongo mwekundu. Sawa vile mutu alikuwa ananing'inia kichwa chini, anatafuta pa kushika."

Achille alimwomba aipake dari rangi. Akapaka. Alama zikajitokeza tena. Akapaka mara ya pili, rangi ya mafuta, nzito.

Juma lililofuata simu ikalia. Gisèle alikuwa kando yake akipepeta maharagwe, akaacha kupepeta ili asikie. Mama Émérence safari hii alinong'ona.

"Papa, nimetosha mashine yangu mule ndani, nimeiweka inje, nimefunga mulango. Ile mikono miwili ingali pale. Lakini sasa kando yake kuko ingine miwili. Hii ingine, Papa, ni ya damu, na bado haikukauka."

Ungo ukamponyoka Gisèle. Maharagwe yakatawanyika sakafuni, na hakuna aliyeinama kuyaokota.