Mitufaa Iliyokunywa Kupita Kiasi

Akitoka shule, Injinia ndiye aliyemwagilia mitufaa kumi na miwili nyuma ya nyumba yao. Jina hilo alipewa na kaka yake, kwa kuwa msichana huyo hakuona kazi asiitafutie njia ya mkato. Baba alimwagiza aupe kila mti ndoo moja, mara mbili kwa wiki. Kwa miti mitatu ya mwisho, Injinia aliona huko ni kujichosha bure. Alirundika udongo kuzunguka mashina yake, akafungulia mpira wa maji, akaenda zake kucheza netiboli. Majani yalipogeuka manjano, alidhani ni kiu, akaongeza maji!

Jumamosi moja baba alimwita bibi shamba, afisa kilimo wa eneo lao. Mama huyo alipiga magoti, akafukua udongo, akakwangua gome kwa kisu. Ndani palikuwa na rangi ya kahawia, panateleza, pananuka.

"Uozo wa shina na mizizi," alisema. "Hupenda udongo uliolowa. Mnamwagilia vipi?"

"Ndoo moja tu! Yule muuza miche ametuuzia miche mibovu. Leo atanitambua!" Baba alikuwa ameshavaa viatu.

"Kama ugonjwa umekuja na miche, basi itabidi tung'oe yote kumi na miwili," alisema bibi shamba.

Injinia alikuwa kando yao, akisikia yote. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini miti mizima ingeng'olewa, na mtu asiye na kosa angetukanwa mbele ya wateja wake.

"Baba, muuza miche hana kosa," alisema. "Ni mimi." Akaeleza yote, hata netiboli.

Baba alivua viatu polepole. "Kumbe nilikuwa naenda kumvunjia mtu heshima kwa kosa la nyumbani kwangu!"

Kati ya ile mitatu, mti mmoja ulikuwa umekwisha. Waliung'oa na kuuchoma. Miwili iliyobaki waliiondolea udongo mpaka mashina yakapata hewa. Injinia alichimba mfereji wa kutoa maji kwa mikono yake mwenyewe, malengelenge yakamtoka, lakini hakulalamika.

Baada ya miezi miwili, matawi yalichipua majani mabichi. Bibi shamba alipokuja kukagua, alitabasamu.

"Dawa yako ni kali, mama," baba alimsifu.

"Dawa gani? Sikutia hata tone," alijibu, akamgeukia Injinia. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Miti hii, mwanangu, imeponywa na ulimi wako."