Nyani wa Al-Hada

Kila asubuhi Ziyad, mvulana wa miaka kumi na miwili, alifuta vioo vya gari la baba yake kabla ya kwenda shule. Familia yao ilikaa mtaa wa Al-Suwaidi, Riyadh. Asubuhi moja alivifuta kwa furaha zaidi, kwani shule ilikuwa imefungwa na joto limeanza kupungua. Walikuwa wanakwenda Jeddah kwa bibi yao, kwa njia ya milimani.

Baada ya saa nyingi za jangwa walipita Taif na kufika Al-Hada. Ukungu ulitanda juu ya majabali na hewa ilikuwa baridi. Kando ya barabara watu waliuza zabibu na makomamanga. Nyani walikaa ukutani, wakitazama magari.

"Nakwenda kununua makomamanga," alisema baba, Bwana Muhsin. "Msifungue vioo, wala msiwape nyani chakula."

Mama alikuwa akisinzia kiti cha mbele. Arwa, mdogo wake Ziyad, alikuwa amelala fofofo kando ya dirisha. Nyani mmoja mkubwa akasogea karibu. Ziyad akachukua andazi kutoka mfuko waliomwekea bibi, akajinyoosha juu ya Arwa na kushusha kioo.

Nyani hakungoja kupewa. Alimparura Ziyad mkononi, akaingiza kichwa ndani, akanyakua mfuko mzima na kutoweka majabalini. Arwa aliamka akipiga kelele.

"Nani kafungua dirisha?" mama aliuliza, akizinduka.

"Arwa!" Neno lilimtoka Ziyad kabla hajafikiri.

"Arwa! Baba yako kasema nini?" Mama alimkaripia sana. Mtoto alilia hadi kwikwi zikamshika.

Baba aliporudi aliuliza, "Kuna aliyeumia?"

"Hakuna," alijibu Ziyad, huku akivuta mkono wa shati kufunika damu.

Gari liliteremka zile kona za mlima ambazo Ziyad alizingoja kwa hamu wiki nzima. Baba aliwaonyesha bonde likifunguka chini yao. Ziyad hakuinua macho.

Alasiri walifika kwa bibi, mtaa wa Al-Nuzha. Bibi aliwakumbatia, akawaandalia chai. Ziyad alikaa pembeni, mkono ukimuuma. Arwa akamfuata, macho bado mekundu.

"Kaka," alinong'ona, "sikumbuki kufungua dirisha. Labda nilifungua usingizini. Nisamehe, bibi kakosa mandazi yake kwa sababu yangu."

Uso wa Ziyad uliwaka moto. Afadhali Arwa angemwita mwongo! Lakini mtoto yule alimwamini kaka yake kuliko alivyojiamini mwenyewe. Ziyad aliinuka, akaenda kusimama mbele ya wazazi wake na kukunja mkono wa shati.

"Dirisha nilifungua mimi," alisema. "Arwa alikuwa amelala. Nyani kaniparura, nikaficha."

Mama alishika kichwa. Baba alimpeleka Ziyad bombani, akauosha mkwaruzo kwa sabuni na maji mengi, kisha wakaenda hospitali. Huko walipokewa na muuguzi Mkenya aitwaye Rispah.

"Mmefanya vyema kuja leo," Rispah alisema akiandaa sindano. "Mnyama kama nyani anaweza kumwambukiza mtu kichaa cha mbwa, hata kwa kumparura. Dalili zikishaanza, hatuna dawa ya kumponya. Tutakuchanja leo, na utarudi tena kwa sindano nyingine."

Ziyad aliutazama mkwaruzo aliokuwa ameuficha.

Waliporudi, alipiga magoti mbele ya Arwa. "Hukufanya kosa lolote. Nilikusingizia. Nisamehe."

Mama naye alimpakata Arwa. "Na mimi nisamehe, mwanangu. Nilikukaripia bila kuuliza."

Arwa hakutabasamu, ila aliushika ule mkono wa kaka yake uliofungwa bendeji.

Baba akamwambia Ziyad, "Kufungua dirisha lilikuwa kosa la mtoto, na kosa hurekebishwa. Lakini uwongo wako ulimuumiza asiye na hatia, na ungeweza kukutoa roho. Siku nyingine ukikosea, mwanangu, njoo useme mapema, hata kama unaona aibu."