Jiwe Hai la Fundi Saa

Hamjambo nyote? Wewe unayetafuna, malizia kwanza. Na hiyo simu, izime. Hadithi hii ina mlio mdogo sana, nataka muusikie.

Palikuwa na fundi saa aliyefuga samaki wa baharini sebuleni kwake, ndani ya tangi la kioo. Maji ya chumvi huchafuka upesi, kwa hiyo wafugaji hutia jiwe hai: jiwe la baharini lenye vidudu vinavyoishi matunduni na kusafisha maji. Hayo nimeyasoma mwenyewe kwenye kijitabu, mstari kwa mstari. Basi maji yalipokupwa, fundi akang'oa jiwe moja kwenye shimo lake miambani, akalifunika gunia bichi, akaja nalo nyumbani, akalitia tangini.

Siku ya tatu, mchana kweupe, likalia. Tak, tak.

Fundi akagonga kioo mara mbili. Tak, tak, likajibu.

"Baba Kidoti," mkewe akanong'ona, "jiwe linaitikia salamu?"

"Ni kamba huyo. Kajificha tunduni anapiga makucha. Maji yasiyo na chumvi yatamtoa mbio."

"Mtoe basi, kabla hajaomba chai."

Akalizamisha jiwe kwenye beseni la maji ya bomba, lile analoogea binti yao, Kidoti. Yakapanda mapovu, na harufu kama ya nywele zilizolowa wiki nzima. Kamba hakutoka. Kidoti, miaka mitano, akatia mkono.

"Baba, kamenishika."

Toka hapo hakusema tena. Jiwe nalo likanyamaza. Lakini mama alipomlaza kifuani alisikia, chini ya mapigo ya moyo wa mtoto, tak, tak, na kila Kidoti alipoamka mto ulikuwa umelowa maji ya chumvi, na ile harufu ikatoka bafuni ikaingia sebuleni, ikakaa kwenye mapazia, kwenye mkate, kwenye mate yao wenyewe, mpaka mama akamfunga mtoto mgongoni akakimbia kwa mganga bila hata kuvaa viatu, baba akihema nyuma yake.

Mganga, mama mfupi mwenye miwani, akasikiliza kifua.

"Si kamba, ni jini. Mlimtia maji asiyoyaweza, akakimbilia penye joto na chumvi. Kwenye damu. Mrudisheni na jiwe lake shimoni, leo hii. Ila mwenye kidonda asiingie majini."

Wakaenda. Fundi akapiga magoti kwenye miamba, akalirudisha jiwe, akautia mkono wa Kidoti majini. Hapo ndipo akaona goti lake mwenyewe limechubuka, linatoa damu majini. Maji yalikuwa yanajaa. Mwili wa mtoto ulikuwa wa baridi. Fundi akaliziba goti kwa kiganja. Akalaza sikio juu ya jiwe, akagonga.

Kimya.

Kisha tak, tak. Karibu mno.

"Mama, nina njaa," akasema Kidoti, na mama akaangua kilio cha furaha.

Asubuhi fundi akakaa mezani, akasogeza sikioni saa isiyo na betri. Tak, tak. Akaiweka chini. Tak, tak.

Kidoti akaegemea mgongo wa baba yake, akasikiliza.

"Baba, kumbe kamehamia kwako."

"Shh, mwanangu. Mama yako asisikie."

Haya, mimi huyo naenda zangu. Nikirudi nitaita hodi kwa mdomo. Atakayegonga mara mbili bila kuita, msimjibu. Si mimi.