Kiraka Kilichokataa Nyasi

Nyasi haina adabu. Usipoitaka itaota mferejini na juu ya ukuta, ukiitaka itakuringia. Ndiyo maana Jerop alipoona kiraka kitupu nyuma ya nyumba yao pale Kimumu, kando ya ua wa miiba wa kaiyaba, hakushtuka. Kilikuwa kidogo, mtoto mchanga angelala hapo akakimaliza. Pembeni yake nyasi ilisimama kijani. Jambo moja tu halikuwa sawa: jua la mchana lilikausha uwanja wote, ila umande wa kiraka haukukauka, na ukipita hapo miguu mitupu, baridi ilikupanda hadi magotini.

Jerop alikuwa mwalimu, na sasa alikuwa likizoni akisubiri kujifungua. Alitaka uwanja wa mtoto kutambaa. Wa kwanza hakutambaa. Alizaliwa mwaka uliotangulia, wakati wa mvua kubwa, binti, akapumua hadi jioni, akaacha. Jerop alikuwa hajitambui kwa homa, na alipozinduka mikono yake ilikuwa mitupu. Emmanuel, mumewe, alimwambia amemzika kwao Kiplombe, karibu na wazee. Jerop hakuwahi kumbeba. Hilo lilimuuma kuliko yote, na hakuwa na wa kumwambia, kwa maana kwa watu wao mtoto aliyekufa kabla ya kuitwa jina hazungumzwi. Alibaki na ombi moja tu kwa Mungu: huyu wa tumboni abaki.

Mafundi wa kwanza aliowaita walikuwa wawili, wenye slasha na maneno mengi. Walikata, wakapanda, wakala chapati, wakapotea. Kisha akampata Javan, aliyeuza miche kando ya barabara. Alipenda kujisifu, lakini mikono yake haikuwa mivivu.

"Madam, hii ni drainage tu," Javan alisema akikikanyaga kiraka. "Maji inasimama hapa chini. Nitachimba mtaro nijaze kokoto, niweke mbolea ya ng'ombe, alafu nikuletee kapeti grass safi. Itaota mpaka uchoke kukata."

Jioni Emmanuel alirudi kutoka duka lake la dawa za mifugo. Aliposikia mpango huo, aliweka kijiko chini.

"Hapo pawachwe," alisema. "Tutaweka mawe ya cabro."

"Mtoto atambae kwa cabro?"

Alisukuma sahani, akasema amechoka, akaenda kulala na jua bado halijazama vizuri.

Javan alichimba mtaro wake, akamwaga kokoto na mbolea, akatandaza nyasi mpya. Asubuhi yake nyasi ya pale kwenye kiraka ilikuwa imefunuliwa upande, imekunjwa kama blanketi ya mtu aliyeamka. Javan akalaumu mbwa, akairudisha. Ikafunuliwa tena. Safari hii akalaumu fuko, akatega mtego: fimbo iliyopindwa na kitanzi cha waya ndani ya ardhi. Alipokuja kuangalia, fimbo ilikuwa imefyatuka na fuko hayupo. Alipiga magoti autazame waya, na akabaki hapo hapo.

"Madam," aliita kwa sauti ya chini, bila kugeuka. Jerop alikuwa akianika nguo. "Kuna mtu hapa anatumia ugoro?"

"Hakuna."

"Inanuka ugoro. Na maziwa." Akainua kidole. "Kuja usikize. Pole pole."

Jerop akasogea, mkono mmoja tumboni, na harufu ikamfikia kwanza, tumbaku kavu iliyosagwa na maziwa ya kifuani. Halafu akasikia. Sauti ilitoka chini ya udongo, ndogo, ya mtoto anayetaka kupiga chafya: pumzi ikavutwa, ikavutwa tena, ikapanda hadi pale juu kabisa ambapo chafya hutoka, ikakwama, isitoke, ikashuka taratibu kwa mnuno mdogo wa kuchoka, na baada ya kitambo ikaanza kuvutwa upya.

Javan aliuinua waya. Uzi wa sufu ulikuwa umenaswa hapo, wa manjano. Jerop aliujua. Aliufuma yeye mwenyewe, kwenye ukingo wa shali ya mtoto wake wa kwanza.

"Mimi imenishinda, madam," Javan alinong'ona akikusanya vifaa vyake. "Hii si shida ya nyasi." Aliondoka kwa haraka hata akasahau jembe lake.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Emmanuel alipoingia jioni ile alikuta uzi juu ya meza, peke yake, hakuna chakula. Alikaa. Hakujaribu hata kukana.

"Barabara ya Kiplombe ilikuwa imekatika," alisema. "Mvua ilibeba daraja. Nilikaa na yeye kwa gari, Jerop. Nikamshika tu. Giza ikaingia, sikujua pa kwenda. Nikarudi nyumbani."

"Na mama yako?"

"Nilimwambia hospitali walimzika. Hakuuliza. Hakuna mtu huuliza."

"Mwaka mzima nimekuwa nikianika nguo juu ya mtoto wangu."

Emmanuel alilia, na Jerop hakumgusa. Alimwonea wivu. Yeye angalau alimshika.

Usiku huo Emmanuel alimpigia mama yake simu akamweleza yote, na kesho yake akafika kutoka Kiplombe, mwanamke mfupi wa kanisa ambaye watu humwita Kogo Sarah, kwa maana amekuwa bibi wa kila mtu. Alikwenda moja kwa moja uani, akainama, akasikiliza. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mtoto huitwa," alimwambia Jerop walipoketi jikoni. "Unajua. Akizaliwa, wamama tunamwekea ugoro kidogo puani, tunataja wazee waliotangulia, mmoja mmoja. Akipiga chafya kwa jina la fulani, huyo mzee amerudi ndani yake. Huyu wako hakuitwa. Alizikwa akiwa nyumba bila mwenyewe."

"Basi tumwite sasa, Mama."

"Hapana." Kogo Sarah alimshika mkono kwa nguvu. "Nyumba ikikaa tupu, kitu kingine huingia. Hiyo inavuta pumzi sio mtoto wako, ni jini imepata mahali pa kulala. Inangoja jina. Ukitaja mzee wetu na ipige chafya, imemchukua, na itakuwa mtu wa boma hii. Huyu wa tumboni atarudiwa na nani? Jumamosi mchungaji atakuja, tutoe mwili tupeleke nyumbani. Mpaka hiyo siku, usiende huko nyuma. Na usitaje jina."

"Sawa, Mama," Jerop alisema. Na alisema kweli, wakati ule.

Lakini mwambie mama asisikie. Ijumaa mvua ya mawe ilipiga mabati mchana kutwa, na ilipokatika, Emmanuel akiwa ameenda kuazima sepetu na Kogo Sarah akisinzia kitini, Jerop aliisikia kutoka dirisha la jikoni: pumzi ile ile, sasa inatetemeka, meno yasiyokuwepo yakigongana. Alisimama. Alijiambia ni jini. Alijiambia tena akiwa mlangoni, na mara ya tatu akiwa amekwisha kupiga magoti kwenye mawe ya barafu kando ya kiraka, gauni limelowa, tumbo limemlemea, na harufu ya maziwa ikipanda kutoka ardhini ikamkuta na maziwa yake mwenyewe yakimchuruzika kifuani, kwa hiyo hakujua tena ipi ni ipi, wala kama kinachotetemeka pale chini ni kitu kilichoingia au ni yule binti aliyepumua hadi jioni bila mtu wa kumwambia wewe ni nani, akatandaza kanga yake juu ya udongo, akalaza shavu hapo kwenye baridi, na kwa sauti ambayo hata kuku asingesikia akasema, "Tabutany," jina la mzee wa kwanza aliyemjia akilini. Pumzi ilisimama, ikangoja. Aliona bado anaweza kunyamaza, akafikiria yule wa tumboni, akamwomba msamaha, akasema, "Tapkigen," jina la bibi mzaa mama yake, aliyemlea. Na chini ya shavu lake, wazi kabisa, mtoto akapiga chafya.

Jerop alicheka na kulia pamoja. "Pole, mama," alisema, kama anavyoambiwa mtoto yeyote.

Jumamosi mchungaji aliomba, Emmanuel akachimba. Walikuta shali tu. Ilikuwa kavu na imekunjwa vizuri kama nguo ya kabatini, na ndani yake hapakuwa na mfupa wala unywele. Wakaizika Kiplombe kwa nyimbo. Kogo Sarah alimtazama Jerop njia nzima.

Baada ya hapo kiraka kilipona. Nyasi iliota pale nzito, laini, ikaipita nyingine kwa urefu. Javan alipojipa moyo kurudi kuchukua jembe lake, aliitazama kwa mbali akasema, "Si nilikwambia ni mbolea?" Jerop alimkubalia.

Mtoto alizaliwa salama, binti tena, mzima, mwenye sauti. Wamama wa ukoo walikusanyika sebuleni mchana, dirisha la nyuma likiwa wazi kwa ajili ya joto. Kogo Sarah alimpakata mjukuu wake, akampaka ugoro puani kwa ncha ya kidole, akaanza kutaja wazee kwa upole, na kila jina lilipotajwa wote waliinama kumtazama mtoto, naye akawatazama kwa macho meusi matulivu, hakukunja hata pua. Upande wa baba ukaisha. Wakataja upande wa mama. Sauti za wamama zikaanza kushuka, kwa maana hawakuwahi kuona mtoto anayekosa mtu wa kumrudia kabisa.

"Tapkigen," Kogo Sarah alisema.

Chafya ikasikika uani.

Hakuna aliyesogea. Kupitia dirishani waliona nyasi ndefu ya kando ya kaiyaba ikilala kidogo, ikainuka, ikalala tena hatua moja mbele, ikija upande wa mlango kwa mwendo wa mtoto anayejifunza kutambaa. Mtoto aliyepakatwa alikuwa amekwisha kulala.

"Ulimwita," Kogo Sarah alinong'ona.

Jerop alikuwa ametazama nje. Mbele ya gauni lake maziwa yalikuwa yameanza kulowesha kitambaa.

"Alikuwa anasikia baridi, Mama," alisema.