Mapigo Mia Moja na Thelathini

Wakati wa mavuno, mimi na Konsolata tulikuwa tukitoka shule tunakwenda moja kwa moja kuokota masuke kwenye shamba la ngano la serikali, chini ya Mlima Hanang. Wenzetu walisubiri kombaini, ile mashine ya kuvunia, ifike mbali kwanza. Mimi nilikimbia nyuma yake kabisa, ndani ya vumbi, kwa kuwa masuke mengi huanguka pale. Kikapu changu kilijaa mapema, nikawacheka wengine. Jioni nilikohoa, lakini nani anajali kikohozi?

Katika darasa la sita hakuna aliyenishinda mbio. Jumamosi ningekimbia mashindano ya tarafa, na Konsolata alikuwa mkimbiaji wa akiba.

Alhamisi Mwalimu Tadei alitufundisha moyo na mapafu.

"Mapafu huingiza hewa safi kwenye damu, na moyo huisukuma damu hiyo mwilini kote," alisema. "Ukikimbia, vyote huenda mbio. Ukipumzika, hutulia."

Tukazunguka uwanja mara mbili, tukapumzika dakika tano. Kisha kila mmoja alishika kifundo cha mkono cha mwenzake na kuhesabu mapigo, mwalimu akitazama saa. Konsolata alihesabu yangu. Kifua changu kilikuwa kinapiga mluzi.

"Mia moja na thelathini," alininong'oneza.

"Andika tisini, Konso. Wakijua watanitoa."

Akaitikia kwa kichwa. Lakini jina langu lilipoitwa, alisimama akasema, "Fabiola ana mia moja na thelathini, mwalimu. Na kifua chake kinalia."

Niliumia kuliko kuchapwa fimbo. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Aliitaka nafasi yangu, na kweli aliipata. Jumamosi wenzangu walipanda trekta kwenda mashindanoni, mimi nikapelekwa zahanati na Mama.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Vuta pumzi."

Nesi Fransiska alinisikiliza kifuani, akauliza kazi zangu za jioni. Nilipotaja kombaini, Mama aliinama. Kikapu kile kilimfurahisha yeye pia.

"Moyo wako ni mzima," nesi alisema. "Vumbi limebana njia za hewa. Mapafu hayapati hewa ya kutosha, ndiyo maana moyo unahangaika. Ungekimbia leo, ungeanguka."

Akanipa dawa, akanikataza kufuata kombaini.

"Lakini Konsolata amenisaliti!" nikalia.

"Alikosea kukubali uongo. Ila nani aliyemwomba? Mwili ukisema unaumwa, mwanangu, usitafute rafiki wa kuuficha. Tafuta wa kuusema."

Sikumsemesha Konsolata wiki tatu. Kikohozi kilipokwisha, Mwalimu Tadei alinikimbiza tena uwanjani, nikapumzika, Konsolata akanishika mkono.

"Themanini na nane," alisema.

Nilikuwa bado na kinyongo, kwa hiyo nikahesabu mwenyewe. Ilikuwa themanini na nane. Nikampa daftari langu aandike.