Maua Meupe Arobaini

"Nyuki wako ndio walioniharibia maua! Wahamishe leo leo!"

"Mama Maua, nyuki hawana ramani. Umewaona wakiruka ukuta?" alijibu Baba Nyuki, jirani yake.

"Sina haja ya kuwaona! Wameniletea chavua ya maua meupe! Tazama!"

Majirani walishajazana uani kutazama sinema ya bure. Miche arobaini ya yungiyungi ilikuwa imechanua, maua yote meupe pe. Miaka mitatu iliyopita, Mama Maua alipaka chavua ya ua jekundu kwenye ua jeupe, akitarajia watoto wa mbegu zake wachanganye damu, watoke na rangi ya pinki isiyopatikana kwa mkulima mwingine yeyote. Hakupata hata mmoja.

Chiriku, binti wa kaka yake, alisimama nyuma ya watu. Mdomo wake haukujua likizo, lakini sasa aliufunika kwa kiganja. Siku ile, akiwa na miaka kumi, alitumwa kunyofoa vifuko vya chavua vya ua jeupe kabla halijafunguka. Akaenda kwanza kuruka kamba. Aliporudi, ua lilikuwa wazi na limejimwagia chavua yake lenyewe. Alinyofoa, akapangusa, akanyamaza.

"Basi," Baba Nyuki alisema, akiinua mzinga upande wake wa ukuta mfupi. "Nitawapeleka kwa binamu yangu. Kule hakuna maua, watakufa. Lakini sitaki ugomvi na jirani."

"Shangazi, si nyuki!" Chiriku aliangua kilio. "Ni mimi! Nilichelewa kunyofoa. Ua lilijizalisha lenyewe."

Mama Maua alijikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Nina miaka sitini na minane," alisema. "Nitapata wapi mitatu mingine?"

"Nisamehe, shangazi."

"Ungeniambia siku ile, kesho yake ningepaka ua jingine. Kuchelewa kwako kulikuwa kwa dakika chache, mwanangu. Kunyamaza ndiko kulikokula miaka yangu, na kukataka kula nyuki wa mtu. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo."

Alijiinua kwa taabu, akamgeukia Baba Nyuki.

"Jirani, nimekuvunjia heshima mbele za watu. Tua mzinga wako."

Baba Nyuki aliutua polepole.

"Kesho tutapaka upya, Mungu akipenda. Chiriku, ongeza sahani. Karibu ndani, jirani, tule."